Mara ya Sita

Jumatatu, 4 Desemba

Mradi umetugawia kila mwalimu madaftari mawili ya kaunta. La kwanza ni la maandalio ya masomo. La pili hawakusema ni la nini, nami sikuuliza, nimelileta nyumbani. Miaka ishirini na miwili nimefundisha watu wazima kuandika, na sijawahi kuandika kitu ambacho hakingojei saini ya mkaguzi. Nitajaribu kwa muhula huu mmoja, mpaka mvua ziishe.

Leo tumefungua darasa, hapa hapa Nkuhungu, Dodoma, kwenye chumba cha mwisho cha safu ya nyumba za mradi. Nyumba ni kumi na nane, na wanakisomo ni kumi na wanane, mmoja kutoka kila nyumba. Mradi unabeba sehemu kubwa ya pango kwa mwaka mmoja na nusu. Kwa muda huo mtu mzima mmoja wa kila familia anajifunza kusoma, kuandika na hesabu, kisha anaingia ufundi, ili baadaye kaya isimame kwa miguu yake. Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri. Anayekosa mara sita bila ruhusa katika muhula, familia yake inahama, inaingia nyingine iliyo kwenye orodha.

Gideoni, afisa makao, amewasomea sharti hilo mara mbili. "Mahudhurio ndiyo kodi yenu," akasema. Wapo waliocheka. Mimi naona ni sharti la haki. Watu huthamini kinachoweza kupotea.

Jumatano, 6 Desemba

Nimeanza kuwajua. Mzee Bartolomayo, anayerudia toka muhula uliopita, ana miaka sitini na moja, analinda ghala la nafaka, anashika kalamu kama mtu anayeshika nyoka shingoni. Anasema anataka kusoma Zaburi mwenyewe kabla hajafa.

Mehjabin ni mjane. Mumewe, marehemu Zeeshan, alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alipofariki, shemeji zake wakauza duka pamoja na nyumba ya juu yake, na yeye na binti yake Dilnaz wakajikuta barabarani na cherehani moja. Kigujarati anaandika haraka kuliko mimi ninavyoandika Kiswahili. Kiswahili anakisema kama mtu aliyezaliwa Dodoma, na ndiko alikozaliwa, lakini kukisoma kunamtoa jasho.

Ruthu, Mama Jenifa, kakaa dirishani. Ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Anatoka Mlali, wilaya ya Kongwa. Aliishia darasa la pili, akatolewa kwenda kuchunga ndama. Mumewe Abeli ni saidia fundi. Kabla ya mradi walipanga chumba kule bondeni, ambako maji yakija yanaingia na chura. Nilipomuuliza anataka kujifunza nini, akajibu, "Chochote, Mwalimu, ilimradi watoto wasirudi kule."

Ijumaa, 8 Desemba

Joto. Mawingu yamekuja, yametutazama, yameondoka.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua ya kwanza jana, na leo nusu ya darasa hawapo. Nilijua. Mgogo akinusa udongo uliolowa, mwite kwa jina lake hasikii. Wote wamekimbilia mashambani kupanda. Nimeweka msalaba mbele ya kila asiyekuwepo, pamoja na Mama Jenifa.

Ijumaa, 15 Desemba

Misalaba mingine saba. Mama Jenifa tena.

Jumatatu, 18 Desemba

Amerudi, viganja vimechubuka. Alikuwa Mlali akimpandia mama yake karanga na mahindi. Mama huyo, Bi Damari, anaishi peke yake na hana mwingine wa kumsaidia, maana Ruthu ndiye mtoto pekee aliyebaki hai. Hivyo ndivyo alivyosema. Nikamjibu kwamba kila mtu ana mama.

Mzee Bartolomayo naye alikosa mara mbili, eti alimzika shangazi yake. Nikafungua daftari langu la muhula uliopita, nikamwonyesha kwamba shangazi huyo huyo alikwisha kufa Agosti. Darasa likacheka, naye mwenyewe akacheka. Lakini nikiwa peke yangu sikuona la kuchekesha. Mwaka huu mmoja wanakisomo wamenizikia kwa midomo mashangazi kumi na mmoja. Mwalimu anayeamini kila kilio ataishia kufundisha madawati.

Jumatano, 20 Desemba

Tumefunga kwa ajili ya Krismasi. Mehjabin ametuletea biskuti za kuoka mwenyewe, na kwenye kifuniko kaandika kwa Kiswahili: KARIBU NYOTE. "Karibuni," nikamsahihisha. Akafuta, akaandika upya. Huyu atafika.

Jumatatu, 8 Januari

Tumefungua. Mvua haitaki mchezo mwaka huu. Wenye mashamba ya zabibu wanalia kwamba matunda yataoza kwenye mizabibu.

Ijumaa, 12 Januari

Mama Jenifa hakuja juzi, hakuja leo. Palizi. Mara nne sasa. Nimemwambia Abeli nilipomkuta kibarazani ametulia, maana ujenzi umesimama kwa mvua: "Baba Jenifa, mkanye mkeo." Akasema, "Mwalimu, ningekwenda mimi kulima, lakini mama mkwe hali kwa mkono wangu wala haogi mbele yangu. Mguu wake umevimba. Anataka mwanawe."

Nikamwambia kama ni hivyo, yeye Abeli aje darasani badala ya mkewe. Akainama. Kumbe yeye ndiye asiyejua hata herufi moja, na anaona haya kukaa mbele ya mwanamke akifundishwa a, e, i, o, u. Wanaume wa hivi wananichosha.

Jumatatu, 15 Januari

Amekuja. Nikamwita pembeni, nikamwonyesha misalaba minne. Ametazama kwa muda mrefu, halafu akauliza ni ipi ya lini. Alitaka kuzisoma tarehe mwenyewe. Akazisoma zote bila kukosea.

Jumatano, 24 Januari

Somo: silabi zenye ng' na ny. Ng'ombe wamezungumziwa zaidi kuliko nilivyopanga.

Ijumaa, 2 Februari

Leo jambo jema. Mama Jenifa amesoma aya nzima bila kusimama, kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Alipomaliza akashika midomo kama aliyesema neno la aibu. Mzee Bartolomayo akapiga makofi. Nilipokuwa nafunga dirisha nikamsikia Mehjabin akimwambia, "Wewe Ruthu, mwakani utamsomea mama yako barua." Akajibu, "Mama hana wa kumwandikia barua zaidi ya mimi." Wakacheka wote wawili, wakaondoka wakiwa wameshikana mikono.

Nikitazama jinsi alivyobadilika ndani ya miezi miwili, naona nilikuwa sahihi kumbana.

Jumatatu, 5 Februari

Mama Jenifa hayupo. Alikwenda Mlali Jumamosi, korongo limejaa, magari yamekwama upande wa pili. Jenifa, mwanawe, ndiye aliyeleta taarifa. Ana miaka kumi na miwili na anasimama wima kama askari. "Shikamoo Mwalimu. Mama anasema usimwandike, atakuja maji yakipungua." Nikamwambia maji hayamo kwenye masharti. Mara ya tano.

Jumatatu, 12 Februari

Baada ya somo Mama Jenifa alibaki. Alisubiri wenzake watoke, isipokuwa Mehjabin aliyekuwa na zamu ya kufagia. Akasimama mbele ya meza yangu, mikono imekunjwa kifuani kama mtoto.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya siku nne. Mama ameanguka shambani. Habibu mwenye duka amenipigia. Anasema hainuki, na uji anaurudisha."

Nikamuuliza barua ya mtendaji wa kijiji iko wapi.

"Mtendaji hayupo, Mwalimu. Na mama hajui kuandika. Habibu kanipigia tu."

"Basi huyo Habibu ampeleke zahanati."

"Amempeleka kwa pikipiki. Wamempa dawa wakamrudisha. Mwalimu, mama yuko peke yake ndani."

Niseme kweli kwenye daftari hili: fomu za ruhusa ninazo, zimo kwenye droo ya meza ile ile aliyosimama mbele yake. Lakini nilikumbuka mashangazi kumi na mmoja. Nilifikiri pia kwamba leo nikimpa yeye, Jumatano watakuja kumi, kila mmoja na mama yake aliyeanguka. Na kuna palizi ya pili wiki hii, najua kalenda ya mashamba kama wao.

Nikamwambia: "Mama Jenifa, una misalaba mitano. Wa sita ukiingia, nyumba imekwenda. Utawarudisha watoto bondeni na mvua hii? Umefika mbali. Mama yako mwenyewe, ukimuuliza, atakwambia usome."

Akafungua mikono aliyoikunja. Halafu akasema, "Sawa, Mwalimu. Nimesikia." Akatoka.

Mehjabin alikuwa ameacha kufagia.

Nadhani nimefanya vizuri. Kuna wakati mtu anahitaji kushikiliwa mahali pake.

Jumatano, 14 Februari

Mama Jenifa kahudhuria. Kaandika sentensi sita, mistari imenyooka. Nikampa vyema mbili. Hakuzitazama.

Ijumaa, 16 Februari

Naandika jioni hii hii, kabla kichwa changu hakijapanga mambo kwa namna itakayonipendeza.

Mvua ilianza saa nane. Walikuja kumi na mmoja tu, na Mama Jenifa alikuwa wa kwanza kufika, miguu imejaa tope mpaka magotini. Simu huwa zinazimwa darasani. Yake aliiweka juu ya dawati, wazi, akanitazama. Nikaiacha. Nilifikiri ninamfanyia hisani.

Tulikuwa kwenye kujaza majina ya familia kwenye fomu: jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa. Kila mmoja anaandika yake. Kama saa kumi hivi simu ikalia. Mvua ilikuwa inapiga bati, hivyo akaibana sikioni kwa mikono miwili. Hakusema hata "haloo". Akasikiliza. Kisha akaishusha, akaiweka mezani taratibu, akachukua kalamu.

Alikuwa ameandika "Dama". Akaongeza "ri". Akaweka nukta, ambayo hapo haihitajiki. Ndipo akainuka.

"Mwalimu," akasema, "mama amekufa."

Aliyasema kama anayejibu swali la darasani. Hakuna aliyesogea. Halafu Mehjabin akaangusha kiti chake akienda kwake, na Ruthu akaketi sakafuni, si kwamba alianguka, aliketi tu, kama watu wanavyoketi msibani, akanyoosha miguu yenye tope mbele yake, akaanza kulia kwa Kigogo. Sielewi Kigogo zaidi ya salamu. Mzee Bartolomayo anaelewa. Nilimwona akivua kofia, akigeuza uso ukutani. Nikamuuliza anasema nini. Hakutaka kuniambia. Nikasisitiza, sijui kwa nini nilisisitiza.

"Anasema, mama, kumbe uliniita mara tatu ukikata roho."

Wanawake wakamtoa kwa mwavuli wa Mehjabin. Abeli alikuja mbio kutoka nyumba ya nne, wadogo wawili wa Jenifa nyuma yake. Jenifa mwenyewe aliingia darasani akakusanya daftari la mama yake, kalamu, na simu, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki visilowe. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu." Nikashindwa kuitikia.

Nimebaki na karatasi kumi na moja za mazoezi. Kwenye yake, mahali pa kuzaliwa ni patupu.

Jumapili, 18 Februari

Walimzika jana Mlali. Sikwenda. Nilisema barabara ni mbaya. Mehjabin alikwenda, na Mzee Bartolomayo na uzee wake, kwa barabara hiyo hiyo.

Jumatatu, 19 Februari

Nimekwenda ofisini kwa Gideoni kumwombea Mama Jenifa, kwamba asihesabiwe siku za msiba. Nilijiandaa kwa vita. Siku zote nimemwona kijana huyu kama muhuri wenye suruali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanivutia kiti.

"Mwalimu, msiba hauhesabiwi. Sitawatoa watu ndani ya nyumba kwa kuzika." Akafungua jalada. "Ila naona alikosa kwa ajili ya huyo mama toka Desemba. Na wiki iliyopita mama alikuwa mgonjwa mahututi. Kwa nini hakuchukua ruhusa? Ile fomu inampa mpaka wiki mbili. Haidai barua ya mtendaji, inatosha mwalimu kusaini. Tuliiweka kwa ajili ya mambo kama haya."

Miaka miwili fomu hizo zimo kwenye droo yangu. Sikuwahi kuzisoma mpaka mwisho. Mimi, mwalimu wa kusoma.

"Aliomba?" akauliza.

Nikasema, "Hapana. Hakuomba."

Akaandika kwenye jalada: Hakuomba ruhusa. Nilikuwa naitazama kalamu yake inavyokwenda. Ningeweza kuisimamisha kwa neno moja.

Jumatano, 21 Februari

Mvua.

Ijumaa, 23 Februari

Mvua. Ukuta wa chumba kimoja kule bondeni umelala. Hakukuwa na mtu ndani. Nimejiambia: unaona? Wangekuwa kule. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo, na haijanisaidia.

Ijumaa, 1 Machi

Mama Jenifa amerudi, kanyoa kichwa. Darasa zima lilisimama kumpa pole. Nilipofika mimi akanipa mkono, mkono mkavu kama ubao, akasema "Asante, Mwalimu," akaenda kukaa. Si dirishani. Nyuma kabisa, ukutani. Kabla ya hapo alikuwa amepita ofisini kwa Gideoni kusaini kwamba amerejea.

Jumatatu, 4 Machi

Anajibu anapoulizwa. Hajibu zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Mgeni kutoka mradi amekuja kutupongeza. Akauliza nani angependa kusema jinsi elimu ilivyobadilisha maisha yake. Wenzake wote wakamgeukia Ruthu, maana ndiye anayesoma vizuri kuliko wote. Akatikisa kichwa tu. Mgeni akadhani ni haya.

Jumatano, 13 Machi

Ramadhani imeanza jana. Mehjabin amekuja na midomo mikavu, akasoma somo lake, na baadaye akabaki kufagia ingawa si zamu yake. Nikamwambia, "Mama Dilnaz, umefunga, acha, nitafagia mimi."

Akaendelea kufagia. Halafu akasema bila kuinua uso: "Nimesikia kwenye jalada la Ruthu imeandikwa hakuomba ruhusa. Gideoni alimwuliza mbele yangu juzi, kwa wema tu, kwamba siku nyingine aombe."

"Ruthu alimjibu nini?"

"Alimjibu sawa." Akaegemeza ufagio. "Mwalimu, mimi nilikuwepo. Ufagio ulikuwa mkononi kama huu. Shemeji zangu walipouza nyumba yangu, walikuja na karatasi inayosema nimekubali. Nilikuwa siwezi kuisoma, nikatia kidole. Nimekuja kwenye darasa lako ili jambo lile lisinipate tena. Sasa naliona linampata mwenzangu, na aliyeandika ni wewe."

Akaufuata mlango. Hakuubamiza. Heri angeubamiza.

Alhamisi, 14 Machi

Sikwenda popote. Nimekaa kitako na daftari hili, nimesoma tangu Desemba. Nimeandika kwamba kila mtu ana mama. Nimeandika kwamba maji hayamo kwenye masharti. Nilidhani ninaandika habari za Ruthu.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa Gideoni. Nikamwambia: aliomba, nikamkatalia, fomu ilikuwa kwenye droo, nikakudanganya. Akafuta miwani yake ambayo haikuwa chafu. Nilitegemea ukali. Alichosema ni, "Nitaandika nilichosikia, Mwalimu. Mkataba wako unaishia Aprili. Sidhani kama nitaweza kuutetea."

Nikamwambia asiutetee.

Alasiri, baada ya somo, nikamwomba Ruthu abaki. Alisimama pale pale aliposimama siku ile. Nikainuka mimi, nikamvutia kiti changu, akakataa kwa kichwa. Basi tukasimama wote wawili. Nikamweleza. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanitoka bila mpango. Nikavuta droo, nikamwonyesha fomu zenyewe. Nikamwambia hazikudai barua yoyote, zilidai saini yangu tu.

Aliitazama fomu ya juu, hakuigusa.

"Naijua," akasema. "Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ofisini kwa Gideoni. Siku ile nilipokwenda kusaini, nilikaa kwenye benchi kumngoja. Nikaisoma. Mistari tisa. Neno 'dharura' lilinishinda, nikalirudia silabi kwa silabi kama unavyotufundisha. Dha. Ru. Ra. Nikalipata."

Wiki mbili nzima alikuwa ameketi nyuma ya darasa langu akijua.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Mwalimu? Na wewe ndiye unayeshika daftari."

Nikaomba anisamehe. Nilipiga magoti; naandika si kwa kujisifu. Akasogea nyuma hatua moja, akasema kwa sauti ya chini, kwa haraka, "Inuka, Mwalimu, watu watakuona. Inuka." Na nilipoinuka alikuwa ameshatoka.

Jumatatu, 18 Machi

Amekuja. Nilidhani hatakuja.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua zinapungua. Tunajiandaa kwa mtihani. Abeli amejiandikisha darasa la wanaoanza, muhula ujao. Alikuja mwenyewe kuomba jina lake liandikwe, akasema anataka siku nyingine mmoja akienda kuuguza, mwingine abaki kwenye dawati.

Ijumaa, 5 Aprili

Mtihani. Sikuruhusiwa kusimamia, amesimamia mwalimu mwingine. Nilikaa nje kwenye ngazi. Wanakisomo walipita mbele yangu wakitoka, kila mmoja na uso wake. Mzee Bartolomayo alinishika bega, akaenda.

Ijumaa, 12 Aprili

Matokeo. Kumi na watano wamefaulu. Ruthu ni wa kwanza. Nyumba ni yao mwaka mmoja zaidi, na ameombewa nafasi kwenye mafunzo ya ushonaji pamoja na Mehjabin, aliyekuwa wa tatu. Jana ilikuwa Idi, Dilnaz alizunguka nyumba zote na sahani za pilau. Yangu aliileta pia.

Gideoni amenikabidhi barua ya kumaliza mkataba. Imeandikwa kwa adabu. Nimeisaini.

Mzee Bartolomayo ameanguka hisabati, lakini kasimama mbele ya wote akasoma Zaburi ya mia na ishirini na moja, polepole sana, watoto wakaanza kusinzia. Ruthu hakuwepo kusikia. Ameomba ruhusa ya likizo, amekwenda Mlali kung'oa karanga za mama yake. Kajaza fomu mwenyewe.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika Mlali, nje ya nyumba ya marehemu Damari, jua halijazama.

Sikumwambia mtu kwamba nakuja. Nilishuka barabara kuu, nikachukua bodaboda, nikaulizia kwa Habibu mwenye duka. Ni mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alipojua mimi ni nani alinitazama kidogo, kisha akanielekeza. Pikipiki ile iliyompeleka mgonjwa zahanati ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Ruthu alikuwa shambani peke yake, kainama. Nikasema "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo ninayoijua. Akainuka akaniona. Hakushangaa, au hakuonyesha. Akatazama viatu vyangu, akasema, "Vua hivyo."

Nikavivua. Nikashika mstari wa pembeni yake. Karanga huja na udongo wake. Unashika shina chini, unavuta, unakung'uta, unageuza juani. Nilikuwa nakata mashina, karanga zinabaki chini. Alirudi mara mbili akafukua nilizoacha, bila kusema. Mara ya tatu akanishika mkono akauweka panapostahili.

Kaburi liko mwisho wa shamba, udongo bado mwekundu, msalaba wa mbao. Jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, na nikatambua mwandiko. Kaliandika mwenyewe. Safari hii hakuna nukta.

Tulikuwa karibu na kaburi hilo, jua la mchana limetuwakia migongoni, ndipo akaongea. Hakuacha kuvuta karanga.

"Siku ile uliyonikatalia, nilimpigia kwa simu ya Habibu. Habibu akamwekea sikioni. Nikamwambia, mama, nakuja, nyumba na iende. Nilikuwa nimeshafunga kanga yangu."

Nikasimama.

"Akaniuliza, mwalimu amesemaje? Nikamwambia. Akasema, basi usije. Akasema, 'Mimi sijawahi kuwa na mtoto mwenye mwalimu. Msikilize, yeye anajua.'" Akakung'uta shina. "Hayo ndiyo ya mwisho aliyoniambia, Mwalimu. Siwezi kukuchukia bila kumkosea yeye. Na kukusamehe siwezi. Nimejaribu vyote viwili."

Nikachukua shina alilokung'uta, nikaligeuza juani.

Baada ya muda akatazama jua, akatazama mistari iliyobaki, mingi, mpaka kwenye miti ya mpaka.

"Una kazi kesho?" akauliza.

"Sina kazi tena."

"Kesho Jumapili hatulimi. Keshokutwa tunaanza alfajiri, kabla udongo haujakauka."

Akainama tena. Nami nikainama.